Mlango wa Kufutia Brashi

Fundi Ochwo kaja asubuhi na futi kamba yake,
kapima mlango, kagonga ubao wa chini,
unga ukamwagika kama wa kinu.
"Mchwa, mama. Wamefika hadi bawaba.
Huu haumalizi masika."

Sikumjibu. Nilikuwa nakoroga kijani
ndani ya kopo la maziwa ya mtoto,
kijani cha kibao cha duka la dawa la Awori,
anayetaka nyoka azunguke bakuli
lakini asiwe nyoka wa kutisha wagonjwa.

Hapa Tororo, nyuma ya stesheni,
chumba namba saba cha nyumba za reli,
hatuna maonyesho wala mvinyo wa wageni.
Tuna dirisha moja, na vumbi la saruji
linaloingia kutoka kiwandani bila hodi
na kukaa juu ya rangi mbichi.
Baba alikuwa akisema: liache,
nalo linataka kuonekana.

Na tuna mlango.
Miaka thelathini na mmoja
kila mkono ulioshika brashi humu
umefutia hapa, upande wa ndani,
kwa kuwa matambara hayakutosha
na baba hakupenda kutupa hata tone.
Hakuna aliyekusudia picha.

Lakini tazama. Pale juu,
pasipofikiwa ila na mtu mrefu kama yeye,
buluu ile nzito ni ya zahanati ya Nagongera,
aliyoichora usiku kucha kwa karabai
kwa sababu mkubwa fulani angekuja kesho yake.
Hakuja.
Chungwa lile ni basi la Haji Twaha.
Baba aliliandika mgongoni:

    Uliyemcheka jana,
    leo kakupita tena.

Lilikufa injini kabla ya Iganga,
likalala kando ya barabara miaka miwili
likisomwa na mbuzi.

Waridi hafifu, mistari mitatu, kimo cha kiuno,
ni yangu. Nina miaka sita,
nimerudishwa nyumbani kwa ada,
nikapewa brashi nisilie.

Nyeusi, nyeusi, nyeusi:
mwaka ule wa misalaba.
Hatukuulizana. Jina, tarehe, jina.
Mama alileta chai, ikapoa.

Na hii kahawia iliyoteleza upande
kama mtu aliyekosa ngazi gizani
ni wiki mkono wa baba ulipoanza kutetemeka.
Aliniambia brashi ni mbovu.
Nikaenda sokoni, nikamnunulia mpya,
tukadanganyana vizuri hadi Desemba.

"Wa msonobari, laki mbili," asema Ochwo.
"Wa mvule usiniulize.
Huu wa zamani niupasue kuni?"

Nilitazama kwingine nikisema hapana.

Ijumaa ule mpya ukafungwa.
Mweupe, wanuka utomvu,
haulii ukifunguliwa.
Wa zamani tuliuegemeza ukuta wa nyuma,
na jua, ambalo halikuwahi kuuona uso wake,
likaukagua taratibu kama mnunuzi mwenye pesa.
Kuku wa jirani hawakujali rangi.
Walitaka mchwa.

Siku nzima tulifanya kazi kama wageni,
mimi na Nyadoi, mwanagenzi wangu,
tukifutia brashi kwenye magazeti,
kwenye pindo la kanga, kwenye mapaja.
Hatukuzungumza sana.
Hata redio ilikuwa ikinong'ona.

Jioni nikasikia nyuma yangu:
shwaa. Shwaa.

Nikageuka. Kijani.
Nyadoi ameganda, brashi hewani,
macho yake kwenye ule weupe.
"Nisamehe, mama. Mkono umejisahau."

Michirizi miwili ilikuwa ikishuka polepole,
mmoja ukiuwahi mwenzake.
Nikaitazama mpaka ikasimama.
Kisha nikamwambia nyoka bado hana jicho,
amtie sasa hivi, kabla umeme haujaenda.